Prosesa ya 1975 na ya Leo: Mapigo ya Saa Hayasemi Yote

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nitashika prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) moja tu ya zamani, MOS 6502 ya mwaka 1975, maana nikizigusa zote tutakesha hapa. Ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme, zipatazo 3,500, ramani yake ilichorwa kwa mkono, na ikauzwa dola 25 wakati prosesa nyingine, Intel 8080, iliingia sokoni kwa dola 360. Ndiyo iliyoendesha kompyuta ya Apple II.

Saa yake, ile inayopanga mwendo wa kazi ndani ya chipu, ilipiga mara milioni moja kwa sekunde, yaani megahezi 1. Za leo hufika gigahezi 4 bila taabu. Watu hugawanya hapo hapo, wakapata mara 4,000, wakaridhika. Mimi siridhiki.

6502 haikujua kuzidisha! Amri hiyo haikuwemo kabisa. Mtunga programu alisogeza biti (zile tarakimu za 0 na 1) na kujumlisha, akasogeza tena, na namba mbili za biti 8 zikamla mapigo zaidi ya 100. Kwa hiyo hazikufika hesabu 10,000 kwa sekunde. Kiini kimoja cha leo, yaani sehemu moja ya chipu inayofanya hesabu yenyewe, huzidisha namba za biti 64, na huweza kuanza hesabu mpya kila pigo: bilioni 4 kwa sekunde. Hapo tumeshapita mara 400,000, na viini vingine vya chipu hiyo hiyo sijavigusa.

Lakini huyu mwenye mbio ana mahali anapochechemea, nako ni kwenye kumbukumbu. Enzi za 6502, baiti iliyoombwa ilifika ndani ya pigo lile lile. Leo, kwenda mpaka kumbukumbu kuu na kurudi huchukua kama nanosekunde 80. Kwa gigahezi 4 hayo ni mapigo 320 ya kukaa bure. Ndiyo maana sehemu kubwa ya chipu ya kisasa ni kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu), na mitambo ya kubashiri programu itaelekea wapi. Kwa maoni yangu, transista nyingi mno zimeajiriwa kuficha kungoja.

Sasa tawanyeni namba kwenye kumbukumbu kubwa, kila moja ikionyesha iliko inayofuata, kache isifae kitu. Prosesa ya leo itasoma kama milioni 12 kwa sekunde. Ile ya dola 25 iligusa kumbukumbu mara milioni 1.