Mfadhili anakuja? Litafute jina lake kwanza

Haya jamani, hamjambo nyote! Salamu kutoka Brooklyn Park, Minnesota, kwa walioko Mombasa, Kilifi, Tanga, Unguja na popote mnaponitazama. Leo sina mapishi, wala siwaonyeshi theluji. Kuna dada wa Mtwapa ameniuliza swali nikaona halijibiki kwa mistari miwili: eti ni kweli huko Marekani mtu yeyote anaweza kufungua simu akajua kama jirani yake aliwahi kuhukumiwa kwa kudhulumu mtoto kingono?

Ni kweli, dada. Ila si hivyo mnavyoona kwenye zile video za TikTok, ramani imejaa vitone vyekundu na muziki wa kutisha nyuma yake.

Tovuti inaitwa nsopw.gov. Iko chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani, hulipii kitu, hujisajili. Unaandika jina la kwanza na la ukoo, nayo inatafuta kwenye rejista za majimbo yote, yaani orodha za watu waliohukumiwa kwa makosa ya ngono. Ukiweka anwani, inakuonyesha walioandikishwa ndani ya maili moja mpaka tatu. Unapata picha na kosa alilohukumiwa. Imepewa jina la Dru Sjodin, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetekwa kwenye maegesho ya maduka huko Grand Forks, North Dakota, mwaka 2003, akauawa. Aliyemuua alikuwa ametoka jela mwaka huohuo na alikuwa kwenye rejista, lakini rejista ya huku Minnesota, kwenye mji ulio ng'ambo tu ya mpaka wa jimbo. Kila jimbo lilikuwa na orodha yake, na orodha hizo hazikuwa zimeunganishwa mahali pamoja ambapo raia angeweza kutafuta. Mwaka 2005 zikaanza kuunganishwa.

Sheria za hapa juu ya jambo hili karibu zote zinabeba jina la marehemu. Jacob Wetterling alikuwa na miaka 11. Oktoba 1989, mji wa St. Joseph, hapahapa Minnesota, anarudi nyumbani kwa baiskeli na mdogo wake na rafiki yao, akatokea mwanamume aliyejifunika uso, ana bunduki, akamchukua Jacob peke yake. Mabaki yake yalipatikana 2016. Piga hesabu mwenyewe ya miaka aliyongoja yule mama. Sheria ya 1994 yenye jina la Jacob ilitaka majimbo yaweke rejista, lakini hasa kwa matumizi ya polisi. Mwaka huohuo, New Jersey, msichana wa miaka 7, Megan Kanka, akauawa na jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa makosa dhidi ya watoto. Wazazi wake wakasema: tungejua, tungemlinda. Mwaka 1996 Rais Clinton akatia saini Sheria ya Megan, na rejista zikaanza kufunguliwa kwa raia.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Jimbo na jimbo haziko sawa hata kidogo. Texas utaona karibu kila aliyeandikishwa. Huku kwetu Minnesota, wanaotoka gerezani hupangwa ngazi tatu, kulingana na hatari ya kurudia kosa. Wa ngazi ya kwanza, habari zake hubaki kwa polisi, kwa aliyemdhulumu na kwa mashahidi. Wa pili, shule na vituo vya kulelea watoto vilivyo karibu naye huarifiwa pia. Wa tatu ndiye anayewekwa kwenye mtandao, na anapohamia mtaani, polisi huitisha mkutano. Ndiyo, mkutano kabisa, mfano wa baraza la chifu: mnakaa, afisa anaeleza mtu huyu ni nani, alifanya nini, atakaa upande gani. Na mwanzoni wanawaonya: ukimtisha au kumdhuru, wewe ndiye utakayefungwa.

Wanaonya kwa sababu yameshatokea. Mwaka 2006 kijana kutoka Kanada alikwenda jimbo la Maine, akachukua anwani kwenye rejista ya mtandaoni, akawapiga risasi watu wawili majumbani mwao, wakafa. Mmoja wao alikuwa na miaka 24, na kosa lake lilikuwa kulala na mpenzi wake ambaye alikuwa hajatimiza miaka 16, ilhali yeye mwenyewe alikuwa kijana mdogo wakati huo. Kwenye orodha alikaa pamoja na wabakaji.

Mimi ni mama, na sitajifanya nina upole ambao sina. Aliyenajisi mtoto wa miaka saba, nataka nijue anapoishi. Lakini orodha yenye zaidi ya watu 700,000, ndani yake wamo walioandikishwa wakiwa watoto wenyewe, inamficha yule wa hatari katikati ya umati. Hata Patty Wetterling, mama yake Jacob, aliyezipigania sheria hizi kuliko sisi sote, amesema hadharani kwamba zimepita mahali alipokusudia. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2003, kwenye kesi ya Alaska, iliamua kwamba kuandikishwa si adhabu, ni utaratibu wa usalama tu. Haya. Nenda ukatafute kazi au nyumba ya kupanga jina lako likiwa humo, halafu rudi uniambie kama si adhabu.

Na kuna tarakimu moja naomba muishike. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya mwaka 2000 iliangalia kesi zilizofika polisi. Kwa waathiriwa walio chini ya miaka 18, waliodhulumiwa na mtu wasiyemjua walikuwa asilimia 7 tu. Asilimia 34 ni watu wa familia, na 59 ni watu wanaojulikana: jirani, mwalimu, rafiki wa nyumbani. Na hizo ni kesi zilizofika polisi tu; watu wa aina hiyo wengi hawafikishwi popote, kwa hiyo hakuna rejista itakayowaonyesha. Mjomba ambaye shangazi alimalizana naye kwa kikao cha familia hayumo nsopw.gov, wala hayumo kwenye ile rejista ambayo Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aiweke.

Basi mtasema, hii inatuhusu nini sisi huku Pwani? Inawahusu sana. Wazungu wanaokuja kujitolea, kufungua makao ya watoto, kufadhili madrasa na shule, tunawapokea kwa ngoma na kuwavisha leso, na hakuna anayewauliza chochote. Gregory Dow wa Pennsylvania alifungua makao ya watoto karibu na Boito, kaunti ya Bomet, mwaka 2008. Alijiita mmisionari, watoto walimwita baba. Mwaka 1996, jimbo la Iowa, alikuwa amekiri kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono, akaamriwa awe kwenye rejista miaka kumi. Mwaka 2017 akatoroka Kenya. Mkenya mwenzetu anayeishi huku, mwanamke, ndiye aliyeishupalia ile habari hadi ikasikika. Mwaka 2021 Dow alihukumiwa miaka 15 na miezi minane kwa kuwadhulumu wasichana wa yale makao.

Hebu tazameni tarehe. Miaka kumi kutoka 1996 ni 2006, naye amekuja 2008. Kwa hiyo ungelitafuta jina lake kwenye tovuti wakati ule, inawezekana kabisa usingekuta kitu. Ndiyo maana nasema: litafute jina, ni dakika mbili, lakini ukikosa usiseme "ameshakaguliwa." Hajakaguliwa. Kumbuka nilivyosema, hata Minnesota wa ngazi ya kwanza na ya pili hawaonekani.

Tangu 2016 kuna sheria nyingine aliyoitia saini Rais Obama. Aliyehukumiwa kwa kosa dhidi ya mtoto, na bado yuko kwenye rejista, pasipoti yake huwekwa maandishi yanayosema hivyo waziwazi, na Marekani inaweza kuitaarifu nchi anayokwenda. Vizuri. Lakini pasipoti anaisoma afisa wa uhamiaji, mama mwenye nyumba Mtwapa haioni.

Kwa hiyo mwenye makao, mwenye shule, imamu, mchungaji: mgeni akitaka kukaa na watoto, mwambie alete ripoti ya alama za vidole kutoka FBI. Mmarekani yeyote anaweza kuomba ya kwake mwenyewe. Inaonyesha kumbukumbu za kukamatwa na kesi hata kama muda wa rejista umekwisha. Mwingereza naye ana cheti chake cha polisi, kwa sababu rejista ya Uingereza raia haangalii. Mzazi huko huuliza polisi juu ya mtu fulani, akijibiwa hujibiwa kwa siri. Sisi tukitafuta kazi ya ulinzi tunaambiwa tulete cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya. Mzungu analala bweni moja na watoto arobaini kwa barua ya kanisa lake! Akikasirika kuulizwa, mwacheni akasirike.

Jambo la mwisho. Tafadhali msiandike majina ya watu hapo chini ya video. Akina John Smith wako wengi, picha na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vya kulinganisha, na nitakachoona kina jina la mtu nitakifuta. Tovuti ikigoma kufunguka huko, mwombe ndugu yako aliye huku akutafutie. Na kama kuna mtoto ameshaumizwa, usihangaike na tovuti wala usiningoje mimi. Piga 116, ni bure, Kenya na Tanzania, na mpeleke hospitali kabla hajaogeshwa.