Karavani ya kwanza: kagua kona kabla ya jina

Tanga, hamjambo? Ngamiani, Mabawa, Chumbageni, na nyinyi wa Muheza na Pangani, karibuni sana. Leo tuongee karavani, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari. Huku Uingereza za mtumba ni nyingi, na huko nyumbani watu wameanza kuzitamani. Mmoja anataka aiweke kwenye kiwanja chake Ushongo alaze wageni, mwingine anataka kuzunguka na familia. Na wote mnaniuliza swali lile lile: kampuni gani nzuri?

Ndugu zangu, swali hilo liwe la pili. Majina makubwa ya huku hayazidi vidole vya mkono. Swift wako Cottingham, jirani na Hull. Coachman wako Hull kwenyewe. Bailey wapo Bristol tangu 1948, na Elddis zinatoka Consett. Sasa ingia ndani ya karavani yoyote ya hao, uangalie vifaa. Chasisi mara nyingi ni ya AL-KO, choo ni Thetford, friji ni Dometic au Thetford, hita ni Truma au nyingine inayofungwa na kila mtu. Yaani vingi unavyovisifia humo ndani, kampuni imevinunua kama wenzake. Alichokijenga mwenyewe ni boksi: kuta, paa, sakafu, na namna vilivyounganishwa. Ukitaka kumpima mtengenezaji, mpime hapo.

Ukuta wa karavani ni tabaka zilizogundishwa. Nje kuna bati jembamba la alumini au faibaglasi, katikati povu gumu la kuzuia baridi na joto, ndani plaiwudi nyembamba, na za zamani zina fremu ya mbao imejificha humo. Kuta zikikutana kwenye kona, hufunikwa na reli ya alumini iliyopigwa skurubu nyingi, na chini ya reli ipo gundi ya kuzibia. Kila skurubu ni tundu. Gundi ile hukauka na kusinyaa kadiri miaka inavyokwenda, mvua ikapenya, na mwenye mali hana habari kwa sababu maji yanakula mbao ndani kwa ndani. Nyinyi watu wa pwani mnanielewa: jahazi hata lipakwe rangi ya namna gani, kama maungio hayakukalafatiwa vizuri, hakuna nahodha wa kulipanda.

Ndiyo maana mwaka 2009 naupa uzito. Bailey walileta ujenzi wao wa Alu-Tech, fremu ya alumini inayozibana kuta, ili skurubu zinazotoboa nje zipungue. Baadaye Swift nao wakaanza kuondoa mbao kwenye fremu zao. Mtengenezaji aliyeona maji yanaingia wapi akabadilisha namna ya kujenga, huyo namheshimu. Anayekuja kila mwaka na rangi mpya ya mito na taa za urembo hajaniambia kitu.

Kukagua sasa. Fungua makabati yote, hasa ya juu, uingize mkono mpaka kwenye kona. Bonyeza kwa dole gumba chini ya madirisha. Pakibonyea, au karatasi ya ukutani ina mikunjo na madoa, ondoka. Tembea taratibu mlangoni na mbele ya jiko, usikilize kama sakafu inalia au inacheza. Nusa pia, na ukikuta manukato makali ndani ya karavani iliyofungwa, jiulize yanafunika nini. Nje, ukiona silikoni ya bafuni imepakwa juu ya reli, mtu amejaribu kuziba uvujaji kwa haraka.

Huku kuna kifaa cha kupima unyevu. Chini ya asilimia 15 ni salama. 15 hadi 20 ni ya kufuatilia. Ikipita 20 yapo maji yanaingia, na ikipita 30 tarajia mbao zilizooza. Kwa hiyo wewe uliyeko Tanga unayenunua kwa simu, usikubali neno “kavu”. Taka ripoti ya servisi yenye namba hizo, sehemu kwa sehemu. Taka pia namba ya CRiS, daftari la usajili wa karavani la huku Uingereza, ile ya tarakimu na herufi 17 iliyochorwa kwenye vioo vya zilizotengenezwa tangu 1992, ili uhakikishe haikuibwa na haina deni. Mwuzaji akisita, achana naye.

Tairi usizipime kwa vishimo vyake. Tafuta namba nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za karavani huzeeka zikiwa zimesimama, na zikipita miaka 7 si za kubebea watoto wa watu.

Waranti isikuvute. Ya bodi hufika hata miaka 10, lakini hutaka servisi kila mwaka kwa fundi aliyeidhinishwa, na Tanga huyo hayupo. Halafu kampuni yenyewe huweza kufa: Lunar wa Preston waliingia kwenye ufilisi mwaka 2019.

Kwa matumizi ya nyumbani, ya Uingereza ina faida mbili. Umeme wake ni volti 230 kama wetu, na mlango uko kushoto, unashukia pembezoni mwa barabara. Ya Marekani ni volti 120 na mlango kulia, upande wa magari yanayopita. Ila hizi za Uingereza zimejengwa kwa lami, ziko chini, na breki zake hushika pale trela linapoisukuma gari, kwa hiyo mteremko wa Lushoto kushuka Mombo mimi sikushauri uanze nao. Na kabla hujatuma pesa, kaa na wakala wa forodha pale bandari ya Tanga akupigie hesabu ya kodi zote kwa maandishi.