Mkoba Umesogezwa

REHEMA: Karibuni tena. Leo Baraka tangu asubuhi ni mkoba, mkoba.

BARAKA: Dada, niache. Jumamosi kwenye kikao cha harusi niliweka mkoba miguuni. Mjomba mmoja ukamsumbua, akausukuma kwa kisigino nyuma ya mguu wa meza. Nikaondoka bila mkoba, na michango ya watu imo ndani!

REHEMA: Pole jamani. Ulipatikana?

BARAKA: Jumapili asubuhi, pesa zote zimo. Lakini usiku kucha nilimuwaza Stauffenberg, yule afisa wa jeshi la Ujerumani aliyejaribu kumuua Hitler kwa bomu la mkobani.

REHEMA: Ndiyo mada yetu. Tarehe 20 Julai 1944, makao ya Hitler karibu na Rastenburg, Prussia Mashariki. Kanali ana jicho moja, mkono wa kulia hana, wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Viungo vingine alivipoteza vitani Tunisia. Anaingia kikaoni na bomu mkobani, analiweka chini ya meza, anatoka akisingizia simu...

BARAKA: Na mkoba unasogezwa! Anayetajwa ni Kanali Heinz Brandt. Ulimbana miguu, akauhamishia upande wa pili wa kigogo cha mwaloni kinachobeba meza. Saa 6:42 mchana, mlipuko. Wanne walikufa kwa majeraha, Brandt mmojawapo. Hitler katoka suruali imechanikachanika, ngoma za masikio zimepasuka, lakini hai.

REHEMA: Brandt huyohuyo, Machi 1943, alipewa kifurushi apande nacho ndege ya Hitler. Kaambiwa ni chupa za pombe. Kumbe bomu, na halikulipuka.

BARAKA: Mara mbili! Mtu mmoja, mizigo miwili!

REHEMA: Turudi, maana mkoba wako utatumaliza. Mimi simlaumu Brandt. Stauffenberg alikuwa na vilipuzi viwili, kama kilo moja kila kimoja. Kutega bomu anavunja kichupa cha tindikali kwa koleo, kwa vidole vitatu, sajini anakuja kumhimiza, kikao kimewahishwa kwa sababu Mussolini anakuja. Akatega kimoja. Cha pili hata bila kutegwa kingelipuka pamoja na mwenzake, angekitia tu mkobani.

BARAKA: Mimi nasema angebaki. Angeukumbatia mkoba, nani angeusogeza?

REHEMA: Na Berlin? Wenzake wa mapinduzi walikaa saa nzima nzima wakimngoja, mambo yakaanza kwenda alasiri. Bila yeye nani angewasukuma?

BARAKA: Maiti ya Hitler ingewasukuma.

REHEMA: Wangeijuaje? Majenerali wale walihitaji mtu wa kuwashika mkono.

BARAKA: Basi mapinduzi ya mtu mmoja hayo, yalishakufa kabla.

REHEMA: Hapana. Sikubali.

BARAKA: Nami sikubali.

REHEMA: Tumebakiwa na dakika moja, na nilikuwa na mafunzo matatu hapa.

BARAKA: Yaache, dada. Wataje watu.

REHEMA: Olbricht, Mertz von Quirnheim, Haeften, Stauffenberg. Walipigwa risasi usiku uleule uani Bendlerblock, makao ya jeshi Berlin, kwa mwanga wa taa za gari.

BARAKA: Angebaki.

REHEMA: Baraka! Haya, wiki ijayo.