Kerneli inakatika katikati ya kujengwa? Pima rami kwanza

Hamjambo, karibuni. Hebu tazama skrini kabla sijaongeza neno. Nimeandika make, amri ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ikaanza kujengwa, feni ikavuma kama dakika kumi hivi, kisha kazi ikakatika. Ujumbe ni huu: internal compiler error: Segmentation fault. Ilikuwa kwenye faili ya ext4, sehemu ya kerneli inayosimamia faili za diski. Sasa naandika make tena, sijabadilisha hata nukta. Angalia. Pale ilipokwama imepita bila shida, imesonga mbele, na sasa imekatikia kwenye draiva ya sauti.

Umeona kilichotokea? Kosa limehama. Kosa la msimbo halihami: likiwa mstari wa 40, utalikuta mstari wa 40 leo, kesho na mtondo. Kosa linalorukaruka kutoka faili hadi faili linatoka kwenye chuma, yaani vifaa vya kompyuta vyenyewe, na mara nyingi chuma hicho ni rami (RAM), kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukiwa kwenye Ubuntu au Debian, kompaila yenyewe, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hujaribu faili ileile tena, na matokeo yakitofautiana hukuandikia: The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem. Yaani kosa halijirudii, kwa hiyo huenda shida ni vifaa au mfumo. Watu wengi huupita mstari huo bila kuusoma. Usome.

Laptopu hii ni ya mwanafunzi mmoja, dada aliyeinunua ikiwa ex-UK, mtumba kutoka Uingereza, kama wengi wetu hapa Nairobi. Alipoileta kwangu ilikuwa imewekewa mfumo upya mara tatu na mafundi wawili tofauti, na kila mara analipa. Wiki mbili za mradi wake zikaenda hivyo. Iliniuma, kwa sababu kipimo kilichohitajika ni cha bure. Ndiyo maana nimewasha kamera.

Mbona basi kompyuta inafungua intaneti na kucheza filamu vizuri? Biti moja, ile 0 au 1, ikigeuka ndani ya picha, utapata doa la rangi ambalo hata hutaliona. Lakini kompaila huijaza rami kwa anwani (namba za mahali ndani ya kumbukumbu) zinazoelekezana, maelfu kwa maelfu. Biti moja ikigeuka kwenye anwani, programu inakwenda kugonga mahali ambapo si pake, na mfumo unaiua papo hapo. Kujenga kerneli ni mtihani mkali, na rami mbovu huanguka.

Wala usidhani ni shida ya mashine za mitumba peke yake. Oktoba 2022, Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, alikuwa akipokea mabadiliko ya toleo la 6.1 wakati kompyuta yake ya kazi ilipoanza kuharibu kumbukumbu ovyo. Mwanzoni alishuku kerneli mpya. Akawasha ya zamani, akaacha memtest86+, programu ya kupima rami, ikipima usiku kucha, na kumbe kipande kimoja cha rami kilikuwa kimeharibika baada ya kufanya kazi sawasawa kwa zaidi ya miaka miwili.

Kabla ya kushika bisibisi, tofautisha rami mbovu na rami ndogo. Ujumbe ukisema Killed signal terminated program cc1, hiyo ni habari nyingine: kumbukumbu imekwisha na kerneli imechagua wa kuua. Hakikisha kwa sudo dmesg | grep -i "out of memory". Ukiona jina la cc1 au ld hapo (programu zinazofanya kazi ya kujenga), punguza kazi za pamoja. Badala ya make -j8, andika make -j2. Ikibidi, ongeza faili ya swapu, nafasi ya diski inayosaidia rami; amri ni nne:

sudo fallocate -l 8G /swapu2
sudo chmod 600 /swapu2
sudo mkswap /swapu2
sudo swapon /swapu2

Na kama kosa linabaki palepale kila mara, soma linasema nini. No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem' huwapata wengi wanaonakili mipangilio ya kerneli ya Ubuntu. Dawa yake ni scripts/config --disable SYSTEM_TRUSTED_KEYS, kisha amri hiyohiyo kwa SYSTEM_REVOCATION_KEYS. Likilalamikia gelf.h, sakinisha libelf-dev. Likitaja openssl, sakinisha libssl-dev. Flex, bison na bc pia usizisahau. Hayo ni ya dakika tano, hayahitaji fundi.

Turudi kwa hii yetu. Pakua Memtest86+ kutoka tovuti yake, toleo la 6 au jipya zaidi, kwa sababu matoleo ya zamani hayawaki kwa njia ya UEFI, namna ya kuwasha inayotumiwa na mashine za kisasa. Chomeka flashi, andika lsblk uone orodha ya diski, na uangalie ukubwa wa flashi kwa makini. Nakuomba hapa usiharakishe. Ukikosea herufi moja ya jina la diski, sdb kwa sda, utafuta diski yako yote. Ukishahakikisha, iandike Memtest86+ kwenye flashi kwa amri ya dd. Ingia BIOS (mipangilio ya kuwasha mashine), zima Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha programu zisizo na saini, chagua kuwasha kwa flashi.

Sasa inapima. Muda unategemea ukubwa na kasi ya rami, kwa hiyo usikae ukiitazama. Mzunguko mmoja mzima ndio wa chini kabisa, lakini mimi huacha usiku kucha, kwa kuwa kuna kipande kinachokosea tu kikishapata joto. Laptopu iwe na betri yenye chaji, maana stima ikipotea saa nane usiku unaanza upya. Mistari myekundu ikitokea, hata mmoja, rami haifai. Idadi inayokubalika ni sifuri.

Hii hapa, asubuhi. Makosa 37, yote kwenye anwani zilizo karibu karibu.

Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko, tenganisha waya wa betri. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kugusa rami. Sukuma vibanio viwili kwa nje, kipande kinainuka mshazari, kivute taratibu kwa kushika kingo. Tazama meno yake ya dhahabu: vumbi la Nairobi huingia kila mahali, na wakati mwingine tatizo lote ni hilo. Sugua kwa raba nyeupe ya shuleni, pole pole, kisha futa mabaki kwa kitambaa kikavu. Rudisha, pima tena.

Kwa hii, raba haikusaidia. Basi tunapima kipande kimoja kimoja. Cha kwanza peke yake, sloti ya kwanza: safi. Cha pili, sloti ileile: makosa. Halafu hatua ambayo wengi huiruka: weka kile kizuri kwenye sloti ya pili. Kama makosa yangefuata sloti badala ya kipande, ningejua ubao mama ndio mgonjwa, na kununua rami kungekuwa kutupa pesa. Hapa sloti zote mbili ni nzima. Mbovu ni kipande cha pili.

Ukienda Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki hapa Nairobi, kutafuta kingine, beba kile kibovu mkononi. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na DDR3L ya volti 1.35 si sawa na DDR3 ya volti 1.5, hata kama zinafanana kwa macho. Mwombe muuzaji muda wa kupima kabla ya kukubaliana kwamba biashara imekwisha. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Laptopu nyingine rami yake imechomelewa kwenye ubao. Hapo unaweza kuiambia kerneli ikwepe eneo bovu kwa kigezo cha memmap ndani ya /etc/default/grub. Alama ya dola iliyomo humo inataka mikwaju ya nyuma (\) kabla yake, la sivyo GRUB, programu inayowasha kerneli, itaimeza, kwa hiyo ukishawasha angalia /proc/cmdline uone kama imefika salama. Inasaidia, lakini nasema wazi: mimi nisingehifadhi tasnifu yangu kwenye mashine hiyo.

Tumeweka kipande kipya, tumepima, makosa sifuri. Usikimbilie make. Faili zilizojengwa na rami mbovu bado zipo kwenye diski, na baadhi zinaweza kuwa zimeharibika kimya kimya. Nakili .config, faili ya mipangilio ya kerneli, mahali pengine kwanza, kwa sababu make mrproper itaifuta, kisha endesha make mrproper. Kama msimbo uliuvuta kwa git, andika git fsck --full. Kama ni faili iliyobanwa, linganisha sha256sum na ile ya kernel.org. Halafu sakinisha debsums, programu inayokagua faili za pakiti zilizosakinishwa, uendeshe sudo debsums -s. Kwa mwanafunzi wetu ilitaja faili mbili za maktaba, nikasakinisha upya pakiti zake. Nyaraka zake mwenyewe tulizifungua moja moja na kuzilinganisha na nakala za flashi, kwa kuwa hizo hakuna amri inayoweza kukuthibitishia.

Rudisha .config, make olddefconfig, halafu make -j4. Nimeharakisha video hapa. Na huo ndio mstari tuliokuwa tukiungoja: Kernel: arch/x86/boot/bzImage is ready. Sasa sudo make modules_install, kisha sudo make install, na uwashe upya. Secure Boot iache imezimwa kwa sasa, maana kerneli uliyojijengea haina saini inayotambuliwa na mashine.

Naandika uname -r kuona toleo la kerneli. Namba mpya hiyo hapo. Dada anakuja kuichukua saa kumi jioni.