Mlango Unaohama: Mwomba Hifadhi Kati ya Sheria na Sera

Mabibi na mabwana, naomba tuanze na Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi, uliopitishwa Geneva Julai 1951. Inakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini kwa ajili ya rangi yake, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Ibara ya 31 nayo inasema aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze mapema na aeleze sababu zake. Waandishi wake walijua kwamba anayekimbia kuuawa hana muda wa kusubiri pasipoti.

Maneno hayo yangalipo. Itifaki ya 1967 iliondoa kikomo cha tarehe, kwani awali Mkataba uliwahusu waliokimbia kwa matukio ya kabla ya 1951. Miaka miwili baadaye Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapanua maana ya mkimbizi, ukaingiza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Kwa maana hiyo, mtu halazimiki kuthibitisha kwamba bunduki ilimlenga yeye binafsi. Mimi naiona ndiyo tafsiri yenye busara kuliko zote.

Sasa, kama sheria ni ile ile, mbona kupata hifadhi kumezidi kuwa kugumu? Jibu langu ni kwamba serikali nyingi zinaiacha sheria ilivyo, kisha zinauhamisha mlango. Haki ya kuomba hifadhi kwa kawaida huanza kufanya kazi mtu anapofika. Basi asifike!

Chukueni viza. Nchi nyingi hazina viza ya kwenda kuomba hifadhi, na shirika la ndege likimbeba abiria asiye na karatasi hutozwa faini. Matokeo yake, karani wa kaunta ya uwanja wa ndege, ambaye hakusomea sheria wala hana nafasi ya kumsikiliza mtu, ndiye anayeamua nani afike mbele ya ofisa wa wakimbizi.

Baharini nako kuna mvutano. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba Ibara ya 33 haiwalindi Wahaiti waliokamatwa kwenye bahari kuu. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kinyume, katika kesi ya Wasomali na Waeritrea ambao Italia iliwarudisha Libya. Majaji walisema, kwa kifupi, palipo na mamlaka ya meli ya serikali pana wajibu wa serikali. Baada ya hapo nchi za Ulaya zilizidi kuwategemea walinzi wa pwani wa Libya, ili meli inayowarudisha watu isiwe ya Ulaya.

Njia nyingine ni kumhamishia mtu nchi ya tatu, isiyo ile aliyoikimbia wala ile anayoiomba hifadhi. Australia ilianza na Nauru, nchi ya kisiwa kidogo huko Pasifiki, mwaka 2001. Uingereza ikatangaza mpango wa Rwanda mwaka 2022, na Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikaukataa, ikiona hatari ya kweli kwamba watakaopelekwa huko wangerudishwa walikokimbia. Bunge likajibu kwa kutunga sheria ya 2024 iliyotamka kwamba Rwanda ni salama. Yaani jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi likapigiwa kura! Serikali mpya iliyoingia Julai mwaka huo ikaufuta mpango.

Linalonishughulisha zaidi leo ni kanuni mpya za Umoja wa Ulaya, zilizopitishwa 2024 na kupangiwa kuanza kutumika Juni 2026. Mwombaji anaweza kuchujwa mpakani hadi siku 7, kisha ombi lake likashughulikiwa hapo hapo hadi wiki 12. Muda wote huo amesimama kwenye ardhi ya Ulaya, analala humo, huenda amezuiliwa humo, lakini kisheria anahesabiwa kuwa hajaingia. Wanasheria vijana mliopo hapa, kesi za miaka ijayo zitatoka katika pengo hilo.