Nilienda kuwekewa kitanzi, nikarudi na dozi ya klamidia

Haya, hamjambo huko nyumbani? Leo sizunguki na kamera barabarani. Nimekaa chumbani na mlango nimeufunga, maana nitakayosema sijamsimulia hata mama. Mama, kama unatazama, tazama tu, ukubwa nishaufikia.

Nilienda kliniki kuwekewa kitanzi, kile kidude cha uzazi wa mpango kinachokaa ndani ya kizazi. Hilo tu. Vidonge nilishavijaribu vikanishinda, mimi ni wa kusahau. Ukivimeza bila kukosa ni kinga nzuri mno, lakini kwa matumizi yetu haya, leo umemeza kesho umepitiwa na usingizi, wanawake kama 7 katika 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa kitanzi cha shaba hafiki hata mmoja. Kikikaa kimekaa, mpaka miaka 10.

Nesi akanisikiliza, akaandika, halafu akauliza, "Magonjwa ya zinaa umepima lini mara ya mwisho?" Nikacheka. Mimi? Siwashwi, siungui nikikojoa, sitokwi na uchafu, na VVU nilipima nikawa salama. Akasema sawa, ila kipimo cha VVU hakioni klamidia wala kisonono, na kitanzi hakiwekwi palipo na maambukizi. Shingo ya kizazi ikiwa na wadudu, kupitisha kitu pale ni kuwasindikiza hadi ndani.

Akanipa kijiti cha pamba. Jamani, si kile kijiti cha uzazi wa mpango cha mkononi, hiki ni cha pamba, chembamba na kirefu. Unaingia chooni peke yako, unakiingiza kama sentimita 5, unakizungusha taratibu huku unahesabu mpaka 20, unakitia kwenye kichupa, unakivunja kwenye alama, unafunga. Mikono ilinitetemeka, cha kwanza nikakiangusha sakafuni, ikabidi nirudi kuomba kingine na aibu zangu. Kaka zangu, kwenu ni mkojo tu. Ila wanataka ule unaoanza kutoka, na uwe hujakojoa kwa angalau saa moja.

Siku mbili baadaye majibu yakaja: klamidia.

Niseme ukweli, cha kwanza nilichotaka kujua hakikuwa dawa. Nilitaka kujua ni nani. Nimeshaandika ujumbe kwa mwenzangu, mrefu, wa matusi matupu, bado kuutuma, ndipo nikampigia nesi. Akaniambia, "Kipimo kimesema upo. Hakijasema umeingia lini wala umeletwa na nani." Klamidia inaweza kukaa miezi na miezi, hata ikavuka mwaka, bila kuwasha wala kuuma, na sisi wanawake ndio hasa inatukalia kimya. Kwa hiyo inawezekana kabisa nilihamia nayo mimi kutoka kwa yule wa zamani. Nikaufuta ule ujumbe, neno kwa neno.

Sasa huko kukaa kimya ndiko kunakotuumiza. Inapanda kwenye mirija ya uzazi, inaacha makovu, na wewe unajiona mzima. Siku unatafuta mtoto ndipo unaambiwa mirija imeziba, au mimba inatunga nje ya kizazi.

Hapa nina ugomvi na neno UTI. Kila kinachounguza tunakiita UTI, kila kinachowasha ni fangasi, kisha tunanunua vidonge vya rangi mbili, vinne tunameza, vinavyobaki tunamgawia shoga. Nimefanya hivyo mimi, sisemi mtu. Lakini hawa wadudu hawauawi na dawa moja. Klamidia nilipewa doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7, baada ya kuulizwa kwanza kama nina mimba, maana mjamzito hupewa azithromaisini. Kisonono ni sindano ya seftriaksoni, kwa sababu penisilini, tetrasaiklini na siprofloksasini kilishazizoea sehemu nyingi za dunia. Na kaswende, huyo bado anauawa na penisilini ya sindano. Kaswende ni tapeli: inaanza na kidonda kisichouma, ndani ya wiki 3 hadi 6 kinajifunga chenyewe, unashukuru Mungu, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Huo hutafutwa kwenye damu. Kwa hiyo anayekupa dawa kwa kukutazama usoni anabahatisha.

Na hiyo doksisaiklini msiimeze kama nilivyofanya. Usiku wa tatu niliitupia na funda moja la maji nikalala. Saa nane za usiku nimeamka kifua kinawaka, nikadhani ni moyo. Inataka glasi nzima ya maji, na ukae wima kama nusu saa.

Mwenzangu nilimwambia ana kwa ana. Alinyamaza mpaka nikasikia friji inanguruma. Kisha akauliza, "Na mimi nakwenda kupima wapi?" Akapima, akatibiwa, na siku 7 hatukugusana, kwa sababu mmoja akitibiwa mwingine akaachwa, mnarushiana tu kama mpira.

Dozi ilipokwisha ndipo nikarudi kwa kitanzi. Kinauma kukiweka, asiwadanganye mtu, ila ni dakika chache. Miezi ya mwanzo hedhi inakuwa nzito na tumbo linasokota, kwa hiyo kama hedhi yako tayari ni mafuriko, fikiria kingine. Kijiti cha mkononi ni madhubuti vilevile, shida yake damu hutoka ovyo bila ratiba. Sindano ya miezi 3 ni nzuri kwa anayetaka siri, lakini ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi mingi, kwa hiyo si ya mtu anayetaka mtoto karibuni. Na dada uliye kwenye dawa za TB zenye rifampisini, au ARV zenye efavirenzi, mwambie nesi kabla hujachagua, maana vidonge na kijiti hupungua nguvu. Kitanzi cha shaba hakiguswi na hizo dawa.

Ila katika vyote hivyo hakuna kinachozuia klamidia. Kondomu ndiyo inayozuia, kwa hiyo kwenye droo yangu bado zipo, na kitanzi ninacho. Mwenzangu mwanzoni alinuna, akasema si umeshaweka? Nikamwonyesha tu karatasi ya majibu.

Niliambiwa nipime tena baada ya miezi 3, kwa sababu wengi huipata upya. Imetimia Jumanne. Kijiti cha pamba safari hii sikukiangusha, na yeye alikuwa nje koridoni, amebana miguu, anasubiri saa moja itimie.