Video Inayokwama kwenye Skrini ya Pili

Hamjambo, mafundi wenzangu wa Kisumu. Nimeombwa nizungumzie ugonjwa ambao sote tumeletewa: mteja ana skrini mbili mezani, kwenye ya kwanza kila kitu kinateleza, lakini akiihamishia video kwenye ya pili, inakwamakwama. Najua mnavyomjibu. "Ongeza RAM," ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nilishawahi kujibu hivyo, tena kwa kujiamini, na mteja akalipa.

Ni kijana wa Kondele anayehariri video za harusi. RAM aliongeza, video ikakwama vilevile. Aliporudi dukani niliona haya, nikapanda bodaboda nikaenda kwake. Nikaigeuza kompyuta. Waya wa skrini ya kwanza ulikuwa kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Wa pili umechomekwa juu yake, kwenye tundu la mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Maana yake, kadi inachora, halafu kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inanakiliwa ipitie kwenye chipu nyingine dhaifu ndipo ifike skrini ya pili. Nilichomoa, nikachomeka kwenye kadi. Haikuchukua dakika moja. Pesa ya RAM nilimrudishia nusu. Hiyo nusu nyingine tungali tunazozana.

Kwa hiyo anzeni nyuma ya mashine. Kisha irudisheni video hiyohiyo kwenye skrini ya kwanza. Ikikwama hata huko, skrini ya pili haina kosa. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, hizi tunazoita ex-UK, na YouTube siku hizi hutuma video nyingi kwa kodeki, yaani mbinu za kubana video, za VP9 na AV1. Chipu ya zamani haina sehemu ya kuifungua AV1, basi mzigo wote unaiangukia prosesa, ubongo wa kompyuta. Punguzeni ubora wa video, muone.

Ikikwama kwenye ya pili tu, tazameni Hz, yaani skrini huchora picha mara ngapi kwa sekunde. Hapa ndipo penye kesi nyingi. Skrini ya wacheza gemu huchora picha mara 144 kwa sekunde, ya kawaida mara 60. Windows ndiyo huunganisha madirisha yote kuwa picha moja kabla ya kuituma, na matoleo yake ya zamani yalitatizika kuhudumia kasi mbili kwa pamoja, hasa kitu kikisogea pande zote. Mmemtazama mpiga nyatiti? Vidole viko kwenye nyuzi nane, na kwenye kidole cha mguu ana pete ya chuma anayogongea ala. Mguu ukihesabu vyake na mkono vyake, hata uwe na nguvu vipi, wimbo umeharibika. Toleo la Windows 10 linaloitwa 2004 (ni jina, si mwaka), lililotoka Mei 2020, lilitibu sehemu kubwa ya shida hii. Mteja atakwambia hajasasisha kwa sababu ya bando. Msasishie wewe.

Bado? Shusheni ile ya 144 hadi 120, kwenye mipangilio ya skrini. 120 ni 60 mara mbili, hesabu inaingia sawasawa. 144 kwa 60 ni 2.4, na hiyo nukta nne ndiyo inayosumbua macho.

Wapo pia wanaocheza gemu huku wanatazama mpira pembeni. Gemu likiachiwa, linaila kadi yote. Liwekeeni kikomo cha fremu, video ipate pumzi. Na kwenye Chrome, zimeni kwenye mipangilio ule usaidizi wa kadi ya grafiki (graphics acceleration), mfungue brauza upya. Isiposaidia, uwasheni tena. Kuuacha umezimwa ni kuitesa prosesa bure.

Vile viadapta vya kutoa picha kwenye tundu la USB, sitavisemea sana. Vingi huibebesha prosesa kazi ya kubana picha. Kwa kuandika barua vinafaa.

Maswali yapo, naona mikono. Lakini kwanza, nani amekuja na mashine yake? Ilete hapa mbele, igeuze tuone nyuma.